Usipokee Kabla ya Kutia Mkono

Katika karakana ya Mama, kiatu hakikuwa kiatu mpaka Mama akitie mkono.

Kazi ilikwenda hivyo tangu enzi za babu. Mjomba Wembe, kaka yake Mama, alikata ngozi. Binti zake pacha, yaani binamu zangu, walishona. Kijana tuliyemwita Gundi alikivalisha kiatu kwenye mguu wa mbao, akakibandika soli, akakipigilia kisigino. Kisha kiatu kilitupwa ndani ya kapu kubwa lililokaa miguuni pa Mama. Naye alikiokota, akafumba macho, akazamisha mkono ndani mpaka kwenye ncha.

Mkono ule ulikuwa unaona. Uliona fundo la uzi lililojificha chini ya bitana, ukaona ncha ya msumari ambayo ilikuwa bado inajishauri kutokeza, ukaona tone la gundi lililokauka likawa kama punje ya mchele. Mama akiridhika alisema, "Haya," na kiatu kikaenda kupakwa rangi. Asiporidhika alikirusha nyuma ya bega bila hata kugeuka. Nyuma ya bega lake palikuwa na kilima cha viatu tulichokiita Jela. Kutoka Jela ilikuwa kazi. Kila mtu alisema atavirekebisha akipata nafasi, na nafasi yenyewe hakuna aliyewahi kuiona.

Mama aliacha shule akiwa kidato cha pili, babu alipougua macho na karakana ikabaki bila mwenyewe. Shule aliiacha, lakini hamu ya shule haikumwacha. Mara mbili alijiandikisha kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, na mara mbili siku ya hisabati ilimkuta na mkono ndani ya kiatu. Mitihani huangukia majira yale yale ambayo oda za viatu vya shule zinamiminika. Mara ya kwanza alisema atakwenda akimaliza kapu. Kapu halikuisha. Mara ya pili alifika mpaka kwenye lango la kituo cha mtihani, akalikumbuka kapu, akageuza njia.

"Mama yako amesoma leo?" Hilo ndilo lilikuwa swali la kwanza la Baba kila alipopiga simu. Baba ni dereva wa malori ya masafa. Nyumbani anaonekana kama mwezi mpevu, kwa nadra na kwa furaha.

Mwaka ninaousimulia, Mama alikuwa amejiandikisha tena. Na mimi nilikuwa nimerudi kutoka chuoni na stashahada ya uendeshaji wa viwanda, bado inanukia wino. Nikawa mwalimu wake wa hisabati, na kwa cheo nilichojipa mwenyewe, nikawa msimamizi wa mtiririko wa kazi.

"Mtiririko?" Gundi aliuliza, akitazama juu. "Kwani paa limeanza kuvuja?"

Nilimsamehe kwa sababu alikuwa hajui. Nilimweleza kwamba kazi ni kama maji: ikipewa njia nzuri inafika yenyewe, ikizibwa mahali inatuama na kuoza. Na katika karakana yetu kila mtu alijua maji yalikotuama. Yalituama miguuni pa Mama, ndani ya kapu.

Nilikuwa na sababu ya kuwa na haraka. Mwalimu Mkuu wa shule ya wasichana ya bweni alikuwa amekuja mwenyewe kuagiza viatu vyeusi vya shule nzima. Mwanamke mrefu, miwani juu ya paji la uso, maneno machache. Alimshika Mama kiganja akasema, "Mimi nanunua mkono huu. Jozi ambayo haijapita hapa siipokei." Mama alivimba kwa fahari. Wakakubaliana asubuhi ambayo lori la shule litakuja kuchukua mzigo. Mwalimu Mkuu alipoondoka ndipo Mama alipoitazama kalenda ukutani, akaitazama tena, akakaa chini taratibu.

Asubuhi hiyo hiyo ilikuwa ya hisabati.

Alichukua kiatu kilichokuwa juu ya kapu, akafumba macho, akaingiza mkono. Lakini nilimwona. Macho yalikuwa yamefumbwa kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Nikaapa moyoni kwamba safari hii, lori lije lisije, Mama yangu ataingia kwenye chumba cha mtihani na kutoka humo muda ukiwa umekwisha.

*

Mpango wangu wa kwanza niliuchora sakafuni kwa chaki. Mishale ilitoka kwenye meza ya Mjomba, ikagawanyika kwa pacha, ikakutana tena kwa Gundi. Nilikuwa nimefundishwa kwamba mtu akifanya jambo moja tu, analifanya upesi. Basi nikaona, jozi ina viatu viwili, na washonaji ni wawili. Pacha Mkubwa ashone vya kushoto. Pacha Mdogo ashone vya kulia.

"Safi kabisa," alisema Mjomba Wembe. Ningepaswa kushtuka hapo hapo. Mjomba anaitwa Wembe kwa sababu ya kisu chake na kwa sababu ya ulimi wake, na hajawahi kusifu kitu bila sababu.

Nilichosahau ni kwamba hao pacha walizaliwa wakipishana kidogo tu, na tangu hapo hakuna aliyekubali kuwa wa pili. Wakila, wanashindana. Wakipiga chafya, wanahesabiana. Sasa mimi nimewapa kila mmoja mguu wake!

Pacha Mdogo alikanyaga cherehani kama anayefukuzwa na nyuki. Vya kulia vikamiminika. Pacha Mkubwa alipoona ameachwa, akatafuta ushindi wa namna nyingine: akawa anashona kwa unadhifu wa kutisha, uzi ameukaza mpaka ngozi inapumua kwa shida.

"Dada, bado upo?" mdogo aliuliza bila kuinua kichwa. "Nilidhani umeenda kulala."

"Mimi nashona viatu. Wewe unashona vyandarua."

Ilipofika jioni, vya kulia vilikuwa vimejaa hadi chini ya meza, vya kushoto vilikuwa vichache na vimejipanga kama askari. Mama alichukua jozi, akaingiza mikono yote miwili kwa pamoja, akafumba macho. Tukasubiri.

"Ajabu," alisema. "Mkono mmoja umebanwa kama uko foleni. Mwingine umeachiwa uwanja."

Akanivua viatu vyangu, akanivalisha jozi ile, akaniambia nitembee mpaka mlangoni na kurudi. Nilikwenda nikichechemea na nikarudi nikichechemea. Mjomba aliangua kicheko mpaka akashika meza. Gundi alicheka mpaka akajikuta amekalia soli. Hata pacha wakashikana mabega, maadui waliopatana kwa muda ili kunicheka vizuri.

"Mwanangu," Mama alisema akifuta machozi ya kicheko, "huu mtiririko wako unachechemea."

Nami nilicheka, sina budi. Lakini Mama alipomaliza kucheka alikaa tena kwenye kiti chake, akavuta kapu karibu, na alichosema baadaye hakikuchekesha.

"Hisabati itanisubiri mwakani. Imeshanizoea."

*

Hata hivyo aliendelea kufanya mazoezi, kwa mazoea tu, kama mtu anayemwagilia ua wakati anahama nyumba. Kesho yake mchana, wenzetu wamekwenda kula, alinipa daftari nimsahihishie. Swali lilikuwa hili: 3(x − 4) = 2x + 5.

Mstari wa pili Mama alikuwa ameandika: 3x − 4 = 2x + 5. Akashuka vizuri, akapeleka x upande huu na namba upande ule, kwa mwandiko wa mtu anayeheshimu karatasi. Mwisho akapata x ni tisa, akaipigia mstari chini. Nami nikaweka alama ya kosa.

"Kosa? Wapi?"

"Mstari wa pili. Tatu iko nje ya mabano, Mama. Inatakiwa izidishe vyote vilivyomo ndani. Wewe umezidisha x, nne umeiacha."

Alitazama. "Yaani kaingia nyumba ya watu, kamsalimia mmoja, mwingine kampita."

"Ndiyo hivyo."

"Asiye na adabu." Akaipigia ile tatu kofi dogo kwa penseli. Kisha akapitisha kidole kwenye mistari iliyobaki. "Na hapa je? Hapa nimekosea?"

"Hapana. Huko kote umepatia. Lakini umepatia juu ya kosa."

"Kwa hiyo nimefanya kazi yote hii nzuri juu ya kitu kilichokuwa kibovu tangu mstari wa pili."

"Ndiyo."

"Na hakuna aliyenizuia."

"Nani akuzuie? Mimi nimeona mwisho."

Aliposikia neno lile aligeuza kichwa. Nami niligeuka. Nadhani tuligeuka pamoja, maana tulijikuta tunatazama kitu kimoja: Jela. Kilima cha viatu vilivyoshonwa, vikavalishwa, vikabandikwa soli, vikapigiliwa visigino, vikafika kapuni, ndipo vikakataliwa.

Mama aliinuka akaokota kimoja. Akaingiza mkono. "Hiki nilikikataa kwa sababu ubavu umelala, ukingo umekatwa mshazari. Ubavu unalala wapi?"

"Kwenye kukata," nikasema.

"Na baada ya hapo kimeshonwa, kimetiwa gundi, kimepigwa misumari. Mistari yote hiyo." Akaokota kingine. "Hiki kina fundo. Fundo ni la cherehani. Gundi amelifunika kwa soli yake nzuri." Akakirudisha, akakaa kitako sakafuni katikati ya mishale yangu ya chaki, miguu ameinyoosha kama msichana. "Mimi nimekaa mwisho wa swali miaka yote, nikiweka alama za makosa."

Chuoni nilikuwa nimesoma hayo, nikafaulu mtihani wake, na kumbe sikuwa nimeyaelewa mpaka niliposahihisha x ya Mama yangu. "Basi kila mstari ujikague," nilisema. "Anayepokea ndiye mkaguzi. Asipokee kabla ya kutia mkono."

Mama alitikisa kichwa. "Hawatakubali."

Alikuwa na sababu. Katika karakana yetu, kumrudishia mwenzako kazi kulikuwa sawa na kumwambia usoni kwamba hajui. Ugomvi wa kurudishiana kazi uliwahi kuwafanya Mjomba na babu wasisalimiane msimu mzima. Ndiyo maana watu waliona heri kupitisha kibovu kimya kimya, Mama akutane nacho mwisho. Yeye ndiye aliyebeba lawama za wote, kwa sababu hakuna awezaye kumnunia mwenye nyumba.

Tulifikiri. Nje tulisikia pacha wanarudi, wanabishana nani amekula zaidi.

"Asante," Mama alisema ghafla.

"Ya nini?"

"Hapana, hiyo ndiyo sheria. Ukirudishiwa kazi, unasema asante. Ukishasema asante, ugomvi utauanzia wapi?"

*

Jioni hiyo nilifuta mishale na kuchora upya. Kapu tukalitoa nje, likawa la kuwekea kuni. Badala yake Mama alileta masinia yake ya jikoni, yale ya wageni, na kila sinia likabeba jozi chache tu. Sinia lako likiwa halijachukuliwa, hujazi lingine. Unasimama, unanoa kisu, unapiga soga, unamsaidia aliyeelemewa. Kila mshonaji akashona kushoto na kulia kwa mkono wake mwenyewe, ili jozi iwe ndugu wa tumbo moja. Mjomba akague ngozi kabla ya kuikata. Pacha wakague kilichokatwa. Gundi akague ushonaji. Mimi ninayepaka rangi na kutia kamba nikague soli na misumari.

"Na Shangazi je?" Pacha Mkubwa aliuliza.

"Shangazi atawafundisha mikono," Mama alijibu.

Akatufundisha kweli. Alimshika kila mmoja kifundo cha mkono, akamwambia afumbe macho, akauingiza mkono wake ndani ya kiatu kutoka Jela. "Usitafute. Ukitafuta utaona unachokitaka. Tulia, kiatu chenyewe kitakwambia. Umesikia?"

"Nasikia jasho," alisema Gundi.

"Hilo ni lako. Endelea."

Ulipofika mkono wangu, nilijiona ninajua. Niliusukuma kwa haraka, na msumari ukanichoma. Mama alinifunga kidole kwa kitambaa huku akitabasamu. "Umefaulu," alisema. "Kwa damu, lakini umefaulu."

Siku ya kwanza ya sheria mpya kila mtu alipokea kila kitu. Adabu ilikuwa imewashika koo. Siku ya pili, Pacha Mdogo aliinua kipande cha ngozi kutoka kwenye sinia la baba yake, akakikunja, akapitisha kidole ukingoni.

"Baba, hiki sipokei."

Nyundo ya Gundi ilibaki hewani.

"Unasemaje?" Mjomba Wembe alishusha miwani yake.

"Sipokei. Ubavu umelala."

"Mimi nilianza kukata ngozi mama yako akiwa hajajua kama atanikubali."

"Ndiyo, Baba. Na hiki kimelala."

Mjomba alimtazama Mama. Mama alikuwa anatazama dari kwa bidii. Basi Mjomba akainuka, akamnyang'anya kile kipande, akapitisha kidole chake mwenyewe. Akapitisha tena, polepole. Akaenda dirishani kwenye mwanga. Aliporudi alikuwa ameshika kisu, anakipapasa makali.

"Kisu kimechoka," alisema.

"Kisu tu, Baba?" aliuliza Pacha Mkubwa kwa sauti ya asali.

"Wewe subiri zamu yako." Wote tulikuwa tunasubiri, hata yeye alijua tunasubiri. Akakohoa. Akalitoa lile neno kama anayetema mbegu ya ndimu. "Asante."

Karakana nzima ilipiga makofi. Mjomba alijaribu kununa, uso ukakataa.

Baada ya hapo hakukuwa na wa kumzuia. Yeye aliyekuwa mgumu kurudishiwa akawa hodari wa kurudisha. Muuza ngozi alipoleta mzigo, bado hajashusha pumzi, Mjomba alishafumba macho na kupapasa, akamrudishia nusu yake. "Sema asante," alimwambia. Yule muuzaji alidhani amekutana na mwendawazimu, lakini safari iliyofuata alileta ngozi ambayo hatujawahi kuiona tangu babu.

Neno likaenea. "Sipokei." "Asante." "Sipokei." "Asante, ndugu yangu, Mungu akuzidishie." Gundi alimrudishia Pacha Mdogo jozi moja na kuambiwa asante kwa sauti laini kiasi kwamba, kuanzia hapo, alikagua jozi zake kwa umakini uliopita kiasi, tukabaki tunakonyezana. Jela ikapungua. Asubuhi moja tulikuta sakafu ya nyuma ya kiti cha Mama ni tupu, na tukagundua ina rangi nyekundu ambayo hakuna aliyeikumbuka.

Mama peke yake hakutulia. Kila jozi niliyomaliza aliitia mkono nyuma yangu. Akafumba macho, akazamisha, akatulia. "Hakuna kitu," alisema, kama mtu aliyepoteza ufunguo. Akachukua nyingine. "Hakuna kitu." Ilibidi nimwekee daftari kwenye paja ndipo mkono ule upate kazi. Na ndani ya daftari nilianza kuona jambo jipya. Pembeni ya kila mstari aliweka nukta ndogo ya penseli.

"Hizi ni nini, Mama?"

"Nimetia mkono," alisema. "Mstari wa pili haupokei wa kwanza bila nukta."

*

Asubuhi ya lori na hisabati ilikuja na jua zuri. Mama alivaa gauni lake la bluu la sherehe, akasuka nywele upya, akachukua kalamu mbili na rula. Tulikuwa tumekubaliana kwamba atapita moja kwa moja. Akasimama mlangoni mwa karakana.

"Nimekuja kuwaaga tu."

"Tumeaga," alisema Mjomba.

"Jozi moja tu, Kaka. Ile ya juu pale."

Pacha walisimama bega kwa bega mbele ya rafu, mara ya kwanza katika maisha yao wakiwa upande mmoja. Gundi alinyoosha mikono. "Mama, ukitia mkono utatoka na rangi. Karatasi ya mtihani utaichafua, msahihishaji atadhani umejibu kwa dole gumba."

Mama alitazama rafu zile zilizojaa viatu vyeusi vinavyong'aa. Midomo ikamcheza. Nikamshika mkono, ule ule mkono, nikamtoa nje kabla haujabadilisha mawazo. Nilimsindikiza mpaka kwenye lango lile alilowahi kugeuzia njia. Pale alisimama. Watahiniwa vijana walikuwa wanampita, wengine wakimwamkia wakidhani ni msimamizi.

"Na kama yule mwalimu akikataa mzigo?"

"Huo ni mstari wetu, Mama. Wewe nenda kwenye wako."

Akaingia. Sikuondoka mpaka nilipoona gauni la bluu limemezwa na mlango.

Niliporudi mbio, lori lilikuwa tayari nje na Mwalimu Mkuu alikuwa ndani, miwani juu ya paji la uso, anatazama kiti kitupu cha Mama. Wenzangu walikuwa wamesimama kama wanafunzi waliochelewa.

"Fundi wangu yuko wapi?"

"Ametoka kidogo," nilisema, nikihema.

"Nilisema nanunua mkono wake. Jozi ambayo haijapita mkononi mwake siipokei, na hilo tulikubaliana." Alisema bila ukali, jambo lililokuwa baya zaidi. "Nitakuja lini akiwepo?"

Ningeweza kumwita Mama. Kituo hakikuwa mbali. Angekuja akikimbia na gauni lake, na mwaka ungekwenda kama iliyotangulia. Niliitazama sakafu. Mshale wangu wa mwisho wa chaki ulitoka kwenye meza yangu ukaelekea mlangoni, ukaishia kwenye viatu vya Mwalimu Mkuu.

"Mwalimu," nilisema, "wewe ndiye unayepokea."

"Ndiyo."

"Hapa kwetu anayepokea ndiye anayetia mkono. Tafadhali, fumba macho."

Nilidhani ataniuliza kama nina akili timamu. Lakini alinitazama, akatazama mishale, akaifuata kwa macho mpaka kwenye kisu cha Mjomba na kurudi. Kitu kikachangamka usoni mwake. Akakunja mkono wa blauzi, akafumba macho.

Pacha Mdogo alimshika kifundo cha mkono. "Usitafute, Mwalimu. Tulia, kiatu chenyewe kitakwambia."

Jozi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Aliacha kuharakisha. Alichagua kutoka juu, akachagua kutoka chini, akachagua zile zilizojificha nyuma. Mjomba alikuwa anatafuna mdomo wake. Kisha mkono wa Mwalimu Mkuu ukasimama ndani ya kiatu, ukarudi nyuma kidogo, ukaenda mbele tena.

"Hapa pana kitu," alisema akiwa bado amefumba macho. "Kidogo sana. Kama uzi uliojikunja." Akafungua macho. "Hii siipokei."

"ASANTE!" tuliitikia wote kwa pamoja, kwa nguvu, mpaka akaruka nyuma na miwani ikamdondokea puani.

Tulilazimika kumweleza. Tulimweleza sote kwa mpigo, pacha wakigombea maneno: sheria, masinia, Jela iliyobomoka, Mjomba aliyerudishiwa kazi na mwanawe. Alicheka kwa namna ambayo wanafunzi wake bila shaka hawajawahi kuiona. Akaendelea kutia mkono, sasa kwa raha tu, na kila jozi akasema "Haya," kama Mama, bila kufundishwa.

"Lakini hamjaniambia," alisema mwishowe, wapakiaji wakiwa wanatoa masanduku. "Yeye mwenyewe yuko wapi?"

"Kwenye mtihani," alisema Mjomba Wembe, na sauti yake ilikuwa imenyooka kama ukingo mpya. "Hisabati. Kidato cha nne."

Mwalimu Mkuu aliirudisha miwani yake juu ya paji la uso. "Mimi nafundisha hisabati," alisema. "Mngenieleza tangu mwanzo, ningemsubirisha dereva nje na kupiga magoti kumwombea." Na alipopanda lori aliinua mkono wake dirishani, umejaa rangi nyeusi mpaka kwenye kifundo.

*

Mama alirudi akikimbia. Tulimsikia kabla ya kumwona, viatu vyake vikipiga lami. Akasimama mlangoni, akatazama rafu tupu.

"Vimekwenda?"

"Vimekwenda," nilisema.

"Vyote?"

"Kasoro jozi moja. Mwalimu Mkuu aliikataa mwenyewe."

"Bila mkono wangu," alisema taratibu. Aliutazama mkono wake, vidole vimetapakaa wino wa bluu, akaugeuza huku na huku kana kwamba ni wa mtu mwingine. Kwa kitambo kidogo nilihofia. Kisha mashavu yakaanza kujaa.

"Hebu niwaambie!" Akajitupa kwenye kiti. "Swali la mabano lilikuwepo! Tena mabano ndani ya mabano, nyumba ndani ya nyumba. Nikashuka mstari wa kwanza, nikaweka nukta. Mstari wa pili nikautia mkono, nikaona kuna mtu hajasalimiwa. Nikasema, sipokei. Nikafuta. Halafu, jamani, nikajijibu kwa sauti chumba kizima kikasikia: 'Asante!'"

"Mungu wangu!" alisema Gundi.

"Msimamizi alikuja kunitazama kama nina homa. Nikamwambia, samahani, nazungumza na mstari wa pili."

Hatukuweza tena kusimama. Mjomba alikaa sakafuni juu ya mishale yangu, akiifuta kwa suruali yake. Pacha waliegemeana. Simu yangu ikalia, alikuwa Baba, barabarani huko aliko, na kabla hajauliza swali lake nilimwambia, "Amesoma, Baba. Amesoma mpaka kengele imelia." Nikasikia honi ya lori ikipigwa ndefu.

Mama alinyoosha mkono kuchukua ile jozi iliyokataliwa.

"Foleni, Shangazi," alisema Pacha Mkubwa, akiivuta. "Uzi ni wangu. Kisha Gundi. Kisha meza ya rangi. Halafu ndiyo wewe."

Mama akarudisha mkono, akaukunja pajani, akasubiri. Sidhani kama nimewahi kumwona akisubiri kitu akiwa hana kitu cha kufanya. Alitazama uzi ukifumuliwa na kushonwa upya, akatazama Gundi akipapasa na kutikisa kichwa kukubali, akanitazama nikipaka rangi na kukaza kamba. Jozi ikamfikia. Akafumba macho, akazamisha mkono mpaka kwenye ncha, akatulia.

Akatulia muda mrefu.

"Mama?" nilisema. "Kuna nini? Kuna kitu?"

"Hakuna kitu," alisema bila kufumbua macho, na safari hii hakuwa kama mtu aliyepoteza ufunguo. "Kizima kabisa. Nimeuacha tu mkono upumzike."